Kila swali la lengo la mwandishi walinijibu "kuelimisha jamii". Nimejaribu kombolela darasani, nawaletea yaliyotokea

MwlChaki

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu ni wa walimu wenzangu wa Kiswahili, lakini mzazi mwenye mtoto sekondari naye asipite bila kusoma.

Nafundisha Kidato cha Pili katika shule ya kata mkoani Morogoro. Darasa lina wanafunzi 82. Muhula uliopita niliwapa vifungu vinne vifupi vya ufahamu, vyote vinahusu chandarua, na kila kifungu kina swali moja tu: lengo la mwandishi ni nini?

Cha kwanza kilikuwa maelekezo: toa chandarua kwenye mfuko, kianike kivulini kwa saa 24, kitundike, chomekea pindo zake chini ya godoro. Cha pili tangazo la duka: "Usiku wa jana umelala na mbu wangapi? Vyandarua vipya vimefika, vimebaki vichache, wahi kabla ya Jumamosi." Cha tatu kiliandikwa na mkazi wa kijiji: tuligawiwa vyandarua, leo ukipita mtoni unaviona vinakokota samaki, ukipita bustanini vimefunika mchicha, na watoto wanalala wazi. Cha nne kisa cha babu ambaye chandarua chake kilitoboka, mbu mmoja akaingia akakosa pa kutokea, wakalala wawili hadi asubuhi kila mmoja akimwogopa mwenzake.

Nilisahihisha madaftari mpaka usiku. Zaidi ya nusu ya darasa waliandika jibu lile lile kwa vifungu vyote vinne: "kuelimisha jamii kuhusu malaria." Nikarudi kuvisoma vifungu vyangu. Neno malaria halimo hata katika kimoja.

Hapo ndipo nilipoona tatizo. Wanaona chandarua, wanakumbuka malaria, wanaandika kuelimisha. Wanajibu mada na kumwacha mwandishi. Muuza duka na mwanakijiji mwenye uchungu, wote kwao ni mtu mmoja anayeelimisha jamii. Mtoto wa namna hiyo akitoka shuleni atasoma mkataba wa mkopo kama anavyosoma shairi.

Nitaendelea kwenye posti inayofuata, nieleze mchezo wenyewe.

MwlChaki

Kombolela mnaijua. Mmoja anabaki kwenye kituo, mti au ukuta, anahesabu, wenzake wanajificha. Akimwona mtu anakimbia kukigusa kituo na kumtaja jina. Lakini aliyejificha akiwahi kukigusa yeye, anajikomboa, na pengine anawakomboa na waliokwisha kukamatwa. Nilikaa nikawaza: mwandishi naye si amejificha? Lengo lake limejificha nyuma ya maneno. Kwa nini nisiwaache wamtafute?

Nililigawa darasa makundi kumi. Nilikata kadi kwenye maboksi ya katoni nikaandika kwa maka peni, kila kadi lengo moja: kuomba, kutisha, kujitetea, kuliwaza, kulaghai, kuelekeza, kusifu ili upendelewe, kulalamika, kuonya, kushawishi. Kundi linalojificha linavuta kadi bila wengine kuiona, kisha linaandika sentensi sita hadi nane zenye lengo hilo, ila limekatazwa kulitaja. Ukivuta kuomba, huruhusiwi kuandika naomba, tafadhali wala nisaidie. Makundi mengine yanasomewa maandishi hayo mara mbili, yanapewa dakika tatu za kujadili, halafu mjumbe mmoja anakuja kugusa ubao.

Kugusa ubao peke yake hakutoshi. Mjumbe anasema mambo mawili: mwandishi anataka msomaji afanye nini, na ni neno gani limemfichua. Neno hilo tunaliita wayo, yaani alama ya mguu. Lengo sahihi bila wayo, hujamkamata mtu. Makundi mawili yakikosea mfululizo, waliojificha wamejikomboa na pointi zote ni zao.

Na kanuni ambayo kwangu ndiyo roho ya mchezo: neno kuelimisha halitumiki peke yake. Ukitaka kulitumia sema kumfanya nani ajue nini ili afanye nini. Kanuni hii iliwatesa wiki nzima ya kwanza. Kijana mmoja alisimama pale ubaoni karibu dakika nzima, mdomo wazi, kwa sababu amenyimwa neno alilolizoea tangu darasa la tano. Mwishowe akasema, "Anataka tununue." Nikamwambia sasa umesoma.

Siku ya kwanza niliwaruhusu kukimbia kama kombolela yenyewe. Lilikuwa kosa. Madawati yalisukumwa, makundi mawili yakagombana nani aligusa kwanza, na mwalimu wa darasa la jirani alikuja mlangoni. Sasa mjumbe anatembea, na anayeita jina la kundi lake kwanza ndiye anayesikilizwa.

Mzee Andalio

Kijana, hongera kwa bidii. Mimi nimefundisha miaka 27, niruhusu nikuulize kwa nia njema. Hao watoto hawakulitoa neno kuelimisha hewani. Sisi ndio tuliowafundisha. Tukiingia kwenye dhima za fasihi tunawaandikia ubaoni: kuelimisha, kuburudisha, kuonya, kukosoa, kuhifadhi utamaduni. Wanakariri, wanarudisha, wanapata alama. Leo unawanyang'anya. Kwenye mtihani watafanyaje? Na kwa dakika 40 za kipindi, wanafunzi 82, muhtasari utaumaliza saa ngapi?

MwlChaki

Shikamoo mzee wangu. Umenigusa penyewe, maana hata mimi niliwaandikia orodha hiyo hiyo, na sijaifuta. Tofauti niliyoanza kuwaonyesha ni hii: orodha ile inasema fasihi kwa ujumla inaifanyia nini jamii. Swali la ufahamu linauliza mtu huyu mmoja, katika maandishi haya, anataka nini kwangu. Ni kama kuulizwa jembe ni la nini, halafu kuulizwa jirani yako ameliazima leo kwa kazi gani. Jibu la swali la kwanza halilijibu la pili.

Kuhusu muda, naucheza kwenye vipindi viwili vya mfululizo, mara moja kwa wiki mbili. Kwenye azimio la kazi nimeuweka ndani ya ufahamu na utungaji kwa pamoja, kwa sababu kundi linalojificha linatunga. Kwa hiyo sijaongeza mada, nimeziunganisha mbili. Na mtihani ukija, mwanafunzi anayeweza kuandika "kumshawishi mzazi amruhusu binti aendelee na shule" hawezi kushindwa kuandika neno moja la jumla kama mtahini analitaka.

Mwalimu wa Magharibi

Hujambo Mwalimu Chaki. Nasoma nikiwa Kakamega, nafundisha shule ya upili. Nina jambo kuhusu istilahi. Huku kwetu lengo la mtunzi ndilo tunaloliita dhamira. Mambo yanayozungumziwa ndani ya kazi tunayaita maudhui. Nikisoma vitabu vya uhakiki vya Tanzania nakuta dhamira ni yale mawazo yanayojitokeza, mapenzi, uongozi mbaya, nafasi ya mwanamke, nayo imewekwa ndani ya maudhui pamoja na ujumbe na falsafa. Huoni kwamba hapo ndipo mkanganyiko unapoanzia? Mwanafunzi wako akiulizwa lengo, akili yake inakimbilia dhamira, na dhamira kwake ni mada.

MwlChaki

Mwalimu, asante sana. Nimeisoma posti yako mara tatu. Kamusini dhamira ni nia, kusudio, jambo mtu alilolikusudia moyoni. Ukisema "alikuja kwa dhamira ya kuniibia" kila mtu anakuelewa, Dar hadi Nairobi. Ila darasani kwetu neno hilo limehama likaenda kukaa kwenye mada. Mwanafunzi wangu akikutana na "dhamira ya mwandishi" anaandika "ukimwi, umaskini, mapenzi". Kwa muhtasari wetu hajakosea. Kwa Kiswahili cha barabarani amekosea kabisa.

Siwezi kubadilisha istilahi za mtihani mimi peke yangu. Ila tangu juzi nimeandika pembeni mwa ubao maswali mawili yasiyofutwa: "Anazungumzia nini? Anataka nifanye nini?" La kwanza likijibiwa, tunajua bado la pili.

Mwalimu wa Magharibi

Hiyo itasaidia. Nasi kwenye maswali ya dondoo, yaani maneno yaliyonukuliwa kitabuni, tunawauliza wanafunzi nani anasema, anamwambia nani, wapi, na kwa nini. Wengi wanazipata tatu za kwanza kwa kuwa wamekisoma kitabu. Ya "kwa nini" ndiyo inayowaangusha, kwani hiyo haikaririki.

Nina pendekezo kuhusu kanuni yako ya kujikomboa. Kundi likiandika maandishi matupu yasiyo na wayo wowote, linashinda bure. Walazimishe waliojificha wakupe wewe nakala yenye mistari chini ya maneno mawili waliyoyaacha makusudi. Wasipoweza kuyaonyesha, hawakuandika, wamefumba tu.

Bi Pindo

Assalaam alaykum. Mimi si mwalimu, nauza kanga Unguja, lakini mjadala huu nimeuona wangu.

Sisi kazi yetu yote ni hii mnayoisema. Mteja haulizi rangi kwanza, anauliza jina. Chukulieni kanga yenye jina "Wema hauozi". Binti anamnunulia mama yake: hiyo ni shukrani. Mke anamnunulia mama mkwe aliyemuuguza: shukrani tena, na kujiweka karibu. Lakini mwanamke aliyemsaidia shoga yake kisha akageukwa, akaivaa siku ya harusi akapita mbele ya yule shoga mara mbili, pale ni lawama, na ukumbi wote umeelewa. Maneno yale yale, doti ile ile. Sasa mwalimu, wayo hapo uko wapi? Neno halikubadilika hata moja.

MwlChaki

Waalaykum salaam, Bi Pindo. Swali lako lilinikosesha usingizi, na jibu nimelipata kwako mwenyewe: wayo uko kwenye nani, kwa nani, na siku gani. Nilikuwa nawasomea maandishi matupu, kana kwamba maneno yameanguka kutoka juu.

Alhamisi nilikwenda na kanga mbili za mama watoto wangu. Kila kundi nililigawia jina lile lile la kanga, na kadi tofauti: nani kampa nani, kuna nini kati yao, imevaliwa lini. Wasichana walichangamka kuliko siku zote nilizofundisha. Walijua mambo ambayo mimi sikuyajua, kwa mfano kwamba kanga ikianikwa na kisha ikaanuliwa haraka jirani anapopita, hilo nalo linasemwa. Baada ya hapo niliwarudisha kwenye vifungu vya chandarua, na sasa kila mmoja aliuliza kwanza: nani kaandika, na kimebandikwa wapi?

msomi_wa_pwani

Mwalimu, kazi nzuri, ila nina shaka ya kinadharia. Utajuaje lengo la mwandishi aliyekufa miaka mia na zaidi? Tunachokiona ni maandishi na matumizi ya wasomaji. Mfano Utendi wa Mwana Kupona, lile shairi refu la mawaidha. Wengine wanausoma kama kitabu cha kumfunga mwanamke kwa mumewe. Wengine wanaona mama mwenye akili anamfundisha bintiye namna ya kuishi kwa ujanja ndani ya nyumba ya mtu. Lengo lipi utalipa alama?

MwlChaki

Ndugu yangu, nimefurahi umeuleta utendi huo, maana ni mfano bora kuliko wangu wowote. Mwana Kupona aliutunga mwaka 1858, akiwa mgonjwa, na anasema mwenyewe ndani ya utendi kwamba maradhi yamemshika mwaka mzima. Anamwita binti yake karibu, anamwambia achukue wino na karatasi. Kwa hiyo nani, kwa nani, na lini, vyote tumepewa: mama anayehofia kuondoka, binti yake Mwana Hashima, na muda mfupi uliobaki. Anachotaka msomaji wake afanye nacho kimo wazi: asikilize, ashike, aishi salama mama akiwa hayupo.

Hizo tafsiri mbili ulizozitaja ni mjadala juu ya mawaidha yale yanamfanya nini mwanamke. Mjadala halali, na mkubwa. Lakini angalia jambo moja. Mwaka 1934 Alice Werner na William Hichens walipoutoa kitabu huko Uingereza, jina la Kiingereza walilokipa liliweka mbele wajibu wa mke. Utendi wenyewe unaanzia kwenye dini na adabu, ndipo unafika kwa mume, na sehemu kubwa ya mwisho ni dua. Jina la kitabu nalo ni maandishi yenye mwandishi wake na lengo lake. Mwanafunzi akiweza kulitenganisha lengo la mama na la walioupa utendi jina la kigeni, nitampa alama zote, hata tafsiri yake ikiwa tofauti na yangu. Ninachokataa ni jibu lisilo na wayo.

BabaWatatu

Walimu, mimi mzazi tu, fundi umeme. Nimeujaribu mchezo nyumbani na vijana wangu kwa meseji ile maarufu, "Ile hela nitumie kwenye namba hii." Mkubwa akasema lengo ni kuibia watu. Nikamuuliza wayo uko wapi, akasema "hela". Mdogo, yuko darasa la sita, akasema hapana, ni "ile". Akasema ukiambiwa "ile" unaanza kukumbuka ya kwako, unadhani mlishaongea. Nilinyamaza. Nimeshaipokea meseji hiyo miaka na miaka, sikuwahi kuiona hiyo "ile".

MwlChaki

Kaka, mtoto huyo amefundisha kivumishi cha kuonyesha kuliko mimi. Nitaitumia Jumatatu. Ujumbe wa maneno sita, na neno dogo la kwanza ndilo linalofanya kazi yote.

Mzee Andalio

Mwalimu, swali langu la mwisho. Wale wasiojua kusoma vizuri, wanaokaa nyuma. Mchezo si utabaki kwa walewale wanaojua?

MwlChaki

Mzee, nilikuwa na hofu hiyo hiyo. Ndiyo maana maandishi yanasomwa kwa sauti mara mbili, na ndiyo maana mjumbe anabadilika kila mara kwa kufuata namba za kundi. Nilichogundua ni kwamba kusoma herufi na kusoma nia ya mtu ni vitu viwili. Nina kijana anayesoma kwa kusitasita, lakini baada ya shule anauza karanga stendi. Nia za watu anazijua. Nitawaeleza alichofanya.

Wiki iliyopita kundi la dirishani lilijificha. Aliyeandika ni binti mpole ambaye tangu Januari sikuwahi kumsikia akijibu swali. Maandishi yao yalikuwa barua, na nimeinakili kama ilivyo:

"Baba, shikamoo. Sisi hatujambo. Mvua zimeanza huku na njia ya shule imejaa matope. Mwalimu wa zamu husimama getini asubuhi akiangalia miguu yetu. Juzi nilichelewa kwa sababu nilipita nyuma ya uzio. Mdogo wangu anakusalimu, naye miguu yake imeshakuwa mikubwa kama yangu."

Kundi la kwanza likasema lengo ni kumwarifu baba hali ya nyumbani. Nikasema hapana. La pili likasema kulalamika kuhusu mwalimu wa zamu. Nikataka kutangaza kwamba wamejikomboa, maana makundi mawili yameshakosea. Yule muuza karanga akasimama huko nyuma bila kuitwa. Akasema, "Mwalimu, anaomba viatu. Wayo ni miguu. Kaitaja mara mbili, na viatu hakuvitaja hata mara moja."

Darasa la watu 82 lilikaa kimya. Kadi yao ilikuwa kuomba.

Kwa kanuni zangu zamu ilikwishapita, pointi zilikuwa za waliojificha. Nilizigawa sawa kwa makundi yote mawili na hakuna aliyebisha. Halafu nikaandika ubaoni jambo ambalo halikuwemo kwenye andalio langu la somo: tafuta na kile ambacho mwandishi amekikwepa. Tukarudi kwenye tangazo la duka la vyandarua. Wakaona wenyewe kwamba muuzaji hakusema popote kuhusu kukianika kwa saa 24, kwa sababu anataka ununue leo na ulale ndani yake leo.

Bi Pindo

Subhanallah. Mwalimu, hiyo barua ni kanga tupu. Hakusema, na amesema.

Mwalimu wa Magharibi

Nimewasomea wenzangu barua hiyo ofisini. Nitaomba ruhusa yako niitumie, bila kutaja shule wala mtu. Na ule mtindo wa kuuliza kilichokwepwa nitauanza na Kidato cha Tatu wiki ijayo, kwa hotuba za wagombea wa uongozi wa wanafunzi. Nitaleta majibu hapa hapa.

MwlChaki

Itumie, mwalimu. Nimemuuliza mwandishi wake, amekubali. Kwenye hotuba za wagombea waambie pia wahesabu "mimi" na "sisi". Tulifanya hivyo na viranja wetu, watoto walishangaa walichokiona.

BabaWatatu

Mwalimu, samahani, mimi nimebaki palepale kwenye barua. Viatu je?

MwlChaki

Kaka, nilimwita pembeni baada ya kipindi, nikamuuliza kama barua ni ya kutunga. Akasema barua ni ya kutunga, matope ni ya kweli. Nimezungumza na mwalimu wa malezi, na mengine yatabaki shuleni kwa heshima yake.

Jumatano tuna vipindi viwili vya mfululizo. Safari hii yeye ndiye mjumbe wa kundi lake, amejiandikisha mwenyewe.